Siku sita juu ya Boxer: Kibokoni, Gazi, Kaloleni, Kilifi, Malindi, na deni la 2004

Mwana wa Kibokoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi huu niliuahidi tangu Januari, na kila nikianza kuandika zamu ya usiku hunidaka. Leo siko kazini, nje kwagandisha, chai iko mkononi. Tuanze.

Kwa wasionijua: mimi mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Niliondoka 2004, sasa naishi Leicester, kazi yangu ni kuendesha foklifti ghalani. Nimerudi nyumbani mara tatu kabla ya hii, na mara zote nilikodi gari. Nilikuwa nikifika mlangoni kwa mtu, nashusha mifuko, nakunywa chai nusu kikombe, naambiwa habari ya ada na ya bati linalovuja, natoa nilicho nacho, naondoka. Kila nyumba dakika arobaini. Nikirudi Uingereza siwezi kukumbuka nani alisema nini.

Safari hii hela ya gari haikuwepo. Sisemi uongo wala sijitii ufakiri wa kupendeza, haikuwepo. Lakini mtoto wa ndugu yangu ana pikipiki, Boxer 150, ambayo huifanyia boda. Nikamwambia nitamlipa hesabu yake ya kila siku, yeye apumzike siku sita. Akaniangalia kiatu mpaka kichwa. "Ami, wewe utaiangusha." Nikamwonyesha leseni yangu, daraja la pikipiki limo, na kibali cha kimataifa. Haikumridhisha. Aliniendesha nyuma yake kwanza mpaka Makupa, kisha akanikalisha mbele turudi, akinishika mabega kama mtoto afundishwaye baiskeli.

Mamangu alipoiona imeegeshwa mlangoni alisema moja tu: "Umetoka Ulaya waja kuwa boda?"

Fundi wa Changamwe

Kabla hujaendelea, tuambie ulivyoitayarisha. Watu huja na mahaba, chombo hawakiangalii.

Mwana wa Kibokoni

Haya, fundi, kwa ajili yako. Cheni ilikuwa imelegea na kukauka, ikilia kama mlango wa stoo. Tuliisafisha kwa mafuta ya taa, tukaikaza ibaki na mchezo wa kama sentimita tatu katikati, tukaipaka oili. Pwani hii chumvi haina huruma: ukiacha cheni siku mbili bila mafuta, ya tatu ina kutu. Oili ya injini mpya, plagi ya akiba, tyubu mbili za akiba, spana za kufungulia gurudumu, waya, na mpira wa kufungia mizigo. Pampu nilisahau. Mtaisikia huko mbele.

Kofia mbili, yangu na ya abiria. Rifleketa nilivaa ya kijana, ile ya njano yenye jina la steji yao mgongoni. Hilo nalo mtalisikia.

Mizigo: nilikwenda Mtaa wa Biashara nikanunua leso doti kumi. Leso ni zawadi ya mtu wa pikipiki. Hukunjika, haivunjiki, hailoi ikiwa ndani ya plastiki, na jina lake linasema usichoweza kusema. Nilikaa dukani saa nzima nikisoma majina mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nafanya mtihani.

Mwana wa Kibokoni

Siku ya kwanza nilipanga nyumba tano za kisiwani. Nilifika tatu.

Asiyejua Mji wa Kale adhani pikipiki ndiyo chombo chake. Si kweli. Vichochoro vya Kibokoni hutaviendesha, utavisukuma, na ukisukuma wapita barazani, na ukipita barazani lazima usalimie, na ukisalimia waulizwa wewe mtoto wa nani. Na gari nilikuwa naliacha kule karibu na Fort Jesus nakuja mbio. Sasa nasukuma chuma cha kilo mia na ushei, jasho lanitiririka, mzee mmoja ananiita: "We boda, hebu njoo." Naenda. Ananitazama. "Wewe si mtoto wa fulani?" Ndimi. Basi kahawa. Muuza kahawa akapita na dele lake na vikombe vyake vikigongana, tukanywa kahawa tungu na kipande cha halua, na yule mzee akanieleza habari ya marehemu babangu ambayo sijawahi kuisikia: kwamba kabla ya daraja la Nyali la sasa kujengwa mwaka 1980, lilipokuwa bado lile la kuelea, babangu alivuka nalo akiwa na kitanda kichwani, kwenda kuoa.

Kitanda kichwani! Miaka yote hiyo mamangu hakuniambia. Nilimuuliza usiku ule. "Kilikuwa kitanda kibovu," akasema, akageuka ukutani.

Bint Tudor

Mimi nasoma huku nacheka kazini. Endelea.

Mwana wa Kibokoni

Siku ya pili, kusini. Likoni.

Kivuko hakijabadilika moyo wake. Waendao kwa miguu hupita bure na kwa wingi, magari yana foleni yao, pikipiki hubanwa kando ya chuma, unazima injini unashika breki. Maji ni nusu kilomita tu, ila mamangu hawezi kuyavuka bila kusoma dua tangu Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka ikaua watu 272. Mimi nilikuwa mvulana. Nakumbuka mtaa mzima ulivyokaa kimya, redio zikisemea chini. Basi hata mimi, pamoja na Uingereza yangu yote, feri ikianza kusogea midomo husogea.

Upande wa pili ni Likoni, halafu Ngombeni, Tiwi, na Ukunda. Barabara ni ya lami na tuktuk zinajiingiza popote. Pale Ukunda nimesimama nakunywa dafu, dada mmoja mwenye mfuko wa mboga akapanda nyuma bila kuniuliza. "Diani, pale kwa benki. Mia." Nikataka kumwambia mimi si boda, nikaona rifleketa yangu, nikaona kofia ya pili, nikasema haya. Nilimfikisha. Nikakataa mia. Akakasirika, "Kwani pesa zangu mbovu?" Nikaichukua. Ndiyo hela ya kwanza niliyoipata kwa kazi nchini Kenya tangu 2004, na sijaitumia, imo ndani ya pasipoti.

Gazi ni kushoto, kushuka baharini, chini ya minazi. Halati yangu, mdogo wake mamangu, ameolewa huko. Alinijua kwa sauti kabla hajaniona. Alichofanya kwanza si kulia wala kukumbatia, aliizunguka pikipiki, akaishika tairi, akasema, "Maskini mwanangu." Kisha akaniingiza ndani mpaka jikoni. Nataka muelewe hilo. Mara tatu nimekwenda kwa halati na gari na mara zote nilikalishwa sebuleni, kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, nikaletewa soda. Safari hii nilikalishwa kibao cha mbuzi, nikapewa nazi nikune.

Tukakuna, tukasema. Alinionyesha kijia cha mbao ambacho kina mama wa Gazi wamekijenga kupita mikokoni, wageni hulipa kuingia. Akaniambia pia kwamba mikoko yao inauzwa bila kukatwa. Tangu 2013 kijiji kina mradi, unaitwa Mikoko Pamoja: wanatunza mikoko, na watu wa mbali wanawalipa kwa sababu miti ile hufungia hewa chafu matopeni. Fedha zimesaidia maji na shule. "Twauza hewa," akasema halati, akinitazama kama naweza kumweleza. Sikuweza.

Usiku barazani mumewe alinisimulia jambo ambalo shuleni nililisoma bila kulisikia. Waarabu wa Sayyid Said, sultani wa Omani, walipoitwaa Mombasa mwaka 1837, Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala, waliotoka hawakwenda pamoja. Wengine walikuja Gazi, wengine wakaenda Takaungu. Nikamwambia kesho kutwa nalala Takaungu. Akacheka. "Basi wewe waunganisha waliogawanywa, na pikipiki ya kukodi."

Nilipanga kukaa saa mbili tu Gazi. Nilikaa siku na nusu.

Mkaa Doha

Samahani, mie sikubaliani. Mtu amekaa Uingereza miaka ishirini anawaendea wazee wake mikono mitupu, na boda, halafu afurahi kuonewa huruma? Halati yako alikuwa na haja labda, akakustahi. Hiyo kwetu si adabu.

Mwana wa Kibokoni

Ndugu yangu wa Doha, umenigusa penye kidonda na sitajitetea sana. Mikono haikuwa mitupu, nilisema leso. Lakini ni kweli kwamba kwa halati paa la jikoni lilikuwa linavuja na hakulitaja. Nililiona mwenyewe. Ningekuja na gari angelitaja kabla sijakaa, nami ningetoa, na nisingejua kwamba babangu mdogo aliwahi kumposa yeye kabla ya huyu mumewe. Sijui lipi bora. Fedha ya bati nilimtumia kwa simu nilipofika Leicester, mwezi ulipoisha. Aliniuliza kama nimeuza pikipiki.

Bint Tudor

"Nimeuza pikipiki" 😂 Nyinyi wawili acheni, endelea na safari.

Mwana wa Kibokoni

Kutoka Gazi sikurudi Likoni. Nilikata kupitia barabara ya Dongo Kundu, itokezayo Miritini bila feri. Wenye magari wanaijua. Kwa pikipiki ni kitu kingine. Madaraja yake yamepanda juu ya mikoko na maji, upepo wa kaskazi unakupiga ubavuni, na unaiona bandari kwa nyuma, kreni zimesimama kama twiga. Nilipunguza mpaka kilomita arobaini na malori yakanipita yakinipigia honi. Yapite.

Miritini, Mazeras, kisha ukaiacha njia kuu ya Nairobi ukapanda Rabai. Hapa joto hupungua kidogo na udongo hubadilika rangi. Rabai ndipo Krapf na Rebmann walipoweka misheni yao 1846, na kanisa lao liko. Ila sikusimama, kwa sababu pale mbele ya Ribe gurudumu la nyuma lilianza kucheza ngoma.

Pancha. Msumari wa inchi mbili, mzuri, mpya kabisa.

Tyubu ninazo, spana ninazo, pampu sina. Nikaisukuma kama kilomita moja na nusu, jua la saa saba. Chini ya mwembe kulikuwa na kijana mwenye karai la maji, viraka na pampu ya mguu. Alitoa gurudumu, akatia tyubu, akalirudisha, mimi nikiwa bado nafuta jasho. Akaikaza na cheni bila kuambiwa. Aliniuliza steji yangu iko wapi. Nikasema Kibokoni. "Kule kuna abiria?" Nikasema wachache, wengi wazee. Akanihurumia akapunguza bei.

Kaloleni nilimkuta rafiki yangu wa sekondari, sasa mwalimu. Yeye ni Mgiriama, na nyumbani kwao mnazi hugemwa asubuhi na jioni. Babake aliniletea kata ya mnazi kwa heshima, nikaomba dafu, akaleta dafu kwa heshima ile ile, kisha ile kata akainywa mwenyewe. Tuliongea mpaka jogoo. Mwalimu alikuwa wa kwanza kuniuliza swali hili: "Kazi yako huko ni ngumu?" Miaka ishirini watu huniuliza kazi yangu ni ya shilingi ngapi. Nilimweleza baridi ya ghalani saa tisa usiku, na maumivu yangu ya mgongo. Akasema, "Basi wewe pia ni boda, ila ndani ya nyumba."

Fundi wa Changamwe

Pampu ya mkono ni shilingi mia chache na hukaa chini ya siti. Nimeisha.

Mwana wa Kibokoni

Umeisha na umenimaliza. Sasa Kilifi, na ndiyo sababu hasa ya uzi.

Kaloleni hadi Mavueni ni mteremko mzuri wenye kona, mikorosho huku na huku, na watoto wakiuza maembe ya ngowe kwa ndoo. Ukitokea Mavueni uko barabara ya Malindi. Kwanza nilirudi kusini kidogo nikaingia Takaungu, kwa mjomba. Mjomba alikufa 2019 nami sikuja. Nilipata habari asubuhi, naye alizikwa adhuhuri, kama ada. Niliiegesha pikipiki msikitini, mtoto mmoja akanipeleka makaburini. Nilisoma Yasini. Nilikaa. Hakuna zaidi nitakaloandika hapo.

Mnarani, upande wa huku wa daraja la Kilifi, anaishi mtu tuliyemwita Kipa, kwa sababu alidaka mpira wa Kibokoni nzima. Mwaka 2004 Kipa alinikopesha shilingi elfu ishirini za nauli na karatasi. Nilimrudishia kumi na mbili. Nane zikabaki. Mwaka wa kwanza sikuwa nazo. Wa pili nilikuwa nazo nikaona haya kwa kuchelewa. Wa tatu haya ikawa kubwa kuliko deni. Mara zangu tatu zote nimepita daraja lile kwenda Malindi, vioo juu, bila kusimama. Ndani ya gari mtu hupita. Kwenye pikipiki daraja lile hulipiti hivyo: upepo wa mto wakuyumbisha, wapunguza, kichwa kiko nje, na kila mtu wa Mnarani akuona.

Nikasimama. Nikaulizia. Kipa sasa ni fundi wa mashine za boti. Alikuwa amelala chini ya mwarobaini, mikono nyeusi kwa grisi. Alifumbua jicho moja.

"Elfu nane," akasema.

Nilizitoa. Nilikuwa nimezitenga kwenye bahasha tangu Leicester. Nilitaraji aseme achana nazo, twende tukale, kama isemwavyo kwenye hadithi. Kipa alikaa kitako, akafuta mikono kwa tambara, akazihesabu. Mara mbili. Akazitia mfukoni.

"Elfu nane ya wakati ule," akasema, "si elfu nane ya leo."

"Wataka riba?"

"Riba haramu." Akafikiri. "Lakini mafuta ya boti si riba."

Basi kesho yake asubuhi mimi na Boxer ya mtoto wa ndugu yangu tulikwenda kituoni na mtungi wa lita ishirini, nikaufunga kwa ule mpira, nikaurudisha Mnarani polepole kama nimebeba maiti. Ndipo akamtuma mtoto samaki. Tulikula changu wa kupaka na wali wa nazi, akanisimulia kivuko cha zamani, kabla daraja halijafunguliwa 1991: mamake alikuwa akiuza korosho kwa abiria waliongojea feri, na daraja lilipokuja magari hayakusimama tena, na korosho zikabaki. "Ndivyo nilivyojua," akasema, "gari likipita halikuoni. Sikukasirika nawe." Kisha akaniuliza kama bado nacheza winga.

Mtu wa Kisauni

Mie nina deni la 2009. Sitaji la nani. Kesho naenda.

Mkaa Doha

Nimesoma hili la Kipa mara mbili. Sijabadili rai yangu kuhusu halati, lakini nimesoma.

Mwana wa Kibokoni

Malindi sina mengi. Usiku mmoja kwa dada yangu wa kambo, watoto wengi, televisheni juu, nilipendwa nikachoka. Nguzo ya Vasco da Gama niliipita tu; yeye alifika 1498 akapewa rubani, mimi nilipewa mkungu wa ndizi.

Na hapa ndipo kosa la hesabu yangu. Niliondoka na doti kumi za leso nikidhani mzigo utapungua kila nyumba. Haukupungua. Pikipiki ina mahali pa kufungia, na watu wakiona mahali pa kufungia hufunga. Gari hawalitii kitu, wadhani huna haja. Kurudi nilikuwa na korosho za Gazi, chupa ya mafuta ya nazi ya halati, ng'onda wa Takaungu waliofungwa gazetini wakinuka mpaka Mtwapa, maembe ya Kaloleni, ndizi za Malindi, na kwa Kipa, kuku hai wa kienyeji, jogoo mwekundu, miguu imefungwa, ametiwa kapuni kichwa nje.

Kwenda Malindi kaskazi ilikuwa usoni, nikatafuna vumbi. Kurudi ilinisukuma mgongoni na mashine ikawa nyepesi. Pale walipokuwa wakipanua barabara, kuanzia Kilifi kuja Mtwapa, ilikuwa michepuko na mchanga na malori, jogoo akawika mara mbili kwenye foleni. Trafiki alinisimamisha, akaangalia leseni, akaangalia bima, akamwangalia jogoo. "Huyu kofia yake iko wapi?" Akanipisha.

Kwa anayetaka hesabu: kama kilomita 480, mafuta lita kumi na moja na kidogo, pancha moja, nyumba tisa kati ya kumi na moja nilizopanga. Mbili za kisiwani ambazo sikuzifikia ndizo zilizo karibu zaidi na kwetu, na wote wamenuna.

Nilifika Kibokoni magharibi, nikiisukuma kichochoroni. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa anangoja mlangoni na taa ya simu. Hakunisalimu mimi. Alichutama, akaivuta cheni, akaikagua tairi, akapitisha kidole kwenye siti ya nyuma, akakitazama.

"Ami," akasema, "abiria wangu wa kesho ni mwalimu wa madrasa. Nimwambie hii ni nini?"

Mamangu alikuwa amekwisha kumtoa jogoo kapuni, anamfungua kamba. Hakuchinjwa. Mpaka leo nikipiga simu alfajiri ya Mombasa namsikia nyuma ya sauti yake.